Maswali ya wasomaji: ampu za zamani, ampu za sasa, na umeme wa nyumbani kwetu

Barua za safari hii karibu zote ni za ampu, yaani mashine za kukuza sauti ya muziki. Mtu kaona jina kubwa au namba kubwa ya wati, anataka kujua atoe hela au asitoe. Nimechukua zile ambazo majibu yake yatawasaidia na wengine, nyingine zinazofanana nimezijibu humohumo.

SWALI: Kaka habari za kazi. Mjomba wangu alikuwa baharia, kaniachia ampu ya Luxman aliyoinunua Japani enzi hizo, nzito balaa, mbao pembeni, nyuma imeandikwa 100V 50/60Hz. Jirani anasema chomeka tu zimetengenezwa imara, mwingine anasema tafuta stepdauni ya kushusha umeme. Naogopa kuiunguza. Msomaji, Tabata, Dar.

JIBU: Ndugu yangu usichomeke kabisa. Umeme wetu ni 230V na hiyo mashine inataka 100V, kwa hiyo utaipa zaidi ya mara mbili ya uwezo wake. Ukiwa na bahati fyuzi itakatika, ukikosa bahati transfoma na makapasita makubwa ya pawa saplai (yanayohifadhi umeme) vinaondoka pamoja, na transfoma ya Luxman ya miaka hiyo hupati dukani, utaanza kuisukisha upya na sio kila fundi anaiweza kazi hiyo.

Jambo zuri ni hiyo 50/60Hz. Japani yenyewe imegawanyika, Tokyo na mashariki wanatumia 50Hz, Osaka na magharibi wanatumia 60Hz, ndio maana mashine zao za nyumbani zinatengenezwa zivumilie zote mbili. Zinazotoka Marekani ni habari nyingine, ukikuta imeandikwa 120V 60Hz tu bila 50, hata ukiishusha voltaji vizuri transfoma yake inaweza kuchemka na kunguruma kwenye umeme wetu wa 50Hz. Kwa hiyo wale mnaonunua vitu vya mtandaoni kutoka Marekani, ombeni kwanza picha ya mgongo wa mashine ndio muongee bei.

Stepdauni inunuliwe kwa VA (uwezo wake wa kubeba umeme), sio kwa sura. Angalia nyuma ya ampu inakula wati ngapi, chukua yenye uwezo angalau mara moja na nusu ya hapo, mara mbili ni bora zaidi. Iwe ya transfoma kweli, unaijua kwa uzito. Yale madude mepesi ya safarini mengi hayana transfoma ndani, yalitengenezwa kwa ajili ya pasi na mashine za kukaushia nywele, ukiyaweka kwenye ampu unaiua. Na kama mtaa wenu umeme unapanda na kushuka, weka stabilaiza kabla ya stepdauni, sio baada.

Halafu usiwashe moja kwa moja hata ukishapata vyote hivyo. Mashine iliyolala miaka mingi, makapasita yake ya elektroliti yanakuwa yamechoka, mengine yamekauka. Mpe fundi aiwashe kwa balbu ya mfululizo, yaani balbu ya waya ya zamani ya wati 60 au 100 (LED haifai hapa) inaunganishwa kwenye waya mmoja wa umeme unaokwenda kwenye mashine. Ikiwaka kwa nguvu kisha ikafifia, hapo kuna matumaini. Ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, kuna shoti ndani, zima. Ikishapita hapo, kabla ya kufunga spika yoyote, chukua mita weka DC milivolti upime kwenye soketi za spika, kulia na kushoto. Ikisoma chini ya 50mV endelea, ikisoma volti nzima nzima usifunge spika, utaunguza koili zake. Hela ya fundi ya siku hiyo ni ndogo kuliko hasara yoyote itakayokuja baadaye.

SWALI: Habari mkuu. Hapa Nairobi kuna hoomtheta inauzwa imeandikwa 3000W PMPO, bei poa. Rafiki yangu ananisukuma ninunue NAD 3020 ya mtumba, lakini hiyo ni wati 20 pekee! Kweli wati 20 itasikika? Nina chumba cha kawaida. Msomaji, Embakasi.

JIBU: Itasikika mpaka majirani wajue unapenda nini. Hilo neno PMPO halina kipimo kinachoeleweka nyuma yake, kila kiwanda kinaandika kinachotaka, usilipe hata shilingi moja kwa sababu yake.

Hata Marekani walipitia fujo hizi. Miaka ya 60 makampuni yalikuwa yanatangaza wati za kupaa za sekunde chache, mpaka mwaka 1974 tume yao ya biashara, FTC, ikaweka sheria kwamba ukitangaza wati useme ni wati za mfululizo, chaneli zote mbili zikifanya kazi, spika ya omu ngapi (yaani ukinzani wake), kuanzia masafa gani mpaka gani, na sauti inaharibika kwa asilimia ngapi. Ndio maana risiva (ampu zenye redio ndani) za mwisho wa miaka ya 70 namba zake unaweza kuziamini. Pioneer SX-1980 ya mwaka 1978 iliandikwa wati 270 kila upande kwenye omu 8 na kweli ilizitoa, na ilikuwa na uzito wa zaidi ya kilo 30 kwa sababu nguvu ya kweli inahitaji transfoma ya kweli. Sasa nyanyua hiyo hoomtheta yako ya 3000W, kisha ujiulize hizo wati zimekaa wapi.

Hesabu yake iko hivi. Spika ya kawaida inapewa namba, tuseme 88dB (desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti), maana yake ukiipa wati 1 ukakaa mita 1 unapata 88dB. Kila ukizidisha wati mara mbili unaongeza 3dB tu. Wati 2 ni 91, wati 4 ni 94, wati 8 ni 97, wati 16 ni 100. Hiyo 100dB tayari ni kelele ya kuumiza masikio ukikaa nayo. Na sikio la binadamu ili lihisi sauti imekuwa mara mbili linahitaji karibu 10dB, yaani wati mara kumi. Kutoka wati 20 kwenda 40 utasikia tofauti kidogo sana, bora hela hiyo uiweke kwenye spika nzuri, na mimi siku zote nasema hela kubwa iende kwenye spika kabla ya ampu.

Hiyo NAD 3020 ilitoka mwaka 1978, mchoro wake ulikuwa wa Erik Edvardsen, na nia ilikuwa kumpa mtu wa kipato cha kawaida sauti nzuri bila mapambo. Imeandikwa wati 20 lakini muziki ukipiga ghafla inaweza kutoa zaidi ya hapo kwa muda mfupi, hata spika ikiwa ngumu, mashine nyingi za bei yake zilikuwa hazifanyi hivyo. Tena nyuma ina viunganishi vya kutenganisha priamplifaya (sehemu ya kuchagua chanzo na volyumu) na pawa ampu (sehemu ya kusukuma spika), ukivitoa unaweza kutumia nusu moja tu. Angalia hapo kama viunganishi vipo, vikipotea ampu inakaa kimya na mtu anakuuzia kama mbovu, au anayekuuzia mwenyewe hajui. Hakikisha tu iwe imebadilishwa makapasita au wewe uwe tayari kuyabadilisha.

SWALI: Kijana wangu hujambo. Mimi ni mstaafu, nina Quad 33 na 303 toka miaka ya sabini, nilizinunua nikiwa masomoni Uingereza. Mwanangu ameniletea pleya ya CD lakini sauti inakwaruza na ukigusa volyumu kidogo tu inakuwa kubwa mno. Anasema hii takataka, tununue mpya. Mzee, Tanga.

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Tafadhali usiitupe, na mwambie kijana asiiite hivyo. Peter Walker, mwanzilishi wa Quad, wa Huntingdon Uingereza, alitoa hizo mwaka 1967, 303 ni wati 45 kila upande, na kwenye njia ya kwenda kwenye spika ameweka kapasita kubwa linalozuia umeme wa DC usifike kwenye spika hata transista zikifa. Zimedumu kwa sababu zilifikiriwa vizuri. Hata kampuni yenyewe mwaka 2024 ilirudisha 33 na 303 mpya zenye sura ileile, ingawa ndani ni saketi za kisasa.

Tatizo lako sio ubovu. Quad 33 sehemu za kuingizia redio zilitengenezwa kwa mawimbi madogo ya enzi hizo, karibu 100mV zinatosha kuijaza, na pleya ya CD inatoa mpaka 2V, yaani mara ishirini. Lazima ikwaruze. Fundi akutengenezee waya wenye rizista mbili kila upande za kupunguza nguvu, upande mmoja plagi ya DIN ya pini 5 kwa sababu Quad hizo hazina soketi za RCA, upande wa pili RCA za kuchomeka kwenye CD. Ni kazi ya muda mfupi na vifaa vyake ni vya bei ndogo sana. Akimaliza abadilishe na makapasita ya elektroliti kwenye mashine zote mbili.

SWALI: Mambo! Niko Mombasa, karibu na bahari kabisa. Natamani ampu ya valvu (zile taa za kioo), naona picha za McIntosh MC275 naumwa roho. Ni kweli sauti ya valvu ni tamu kuliko transista au ni watu tu wanajisikia? Na kwa joto na chumvi ya huku itadumu? Dada mpenda muziki.

JIBU: Dada yangu, MC275 ilitoka mwaka 1961, wati 75 kila upande kwa valvu nne za KT88, na imerudishwa sokoni mara kadhaa, mpya yake bado inauzwa. Kinachoifanya iwe ya peke yake ni transfoma yake ya kutolea sauti, Frank McIntosh na Gordon Gow waliisajili namna yao ya kuisuka mwishoni mwa miaka ya 40, nyaya za upande wa anodi na kathodi (ncha mbili za valvu) zinasukwa kwa kubanana pamoja, matokeo yake uharibifu wa sauti unakuwa mdogo mno kwa mashine ya valvu. Kwa hiyo ukisikia MC275 nzima, ule utamu mzito ambao watu wanausema kuhusu valvu hutausikia sana, utasikia sauti safi tu.

Utamu huo upo kweli kwenye ampu nyingine na una sababu mbili. Ya kwanza valvu nyingi zinaongeza kidogo sauti ya oktava ya juu ya noti yenyewe, sikio linalipenda hilo. Ya pili, ampu ya valvu haina mshiko mkali kwenye spika, kwa hiyo besi na trebo zinabadilika kidogo kulingana na spika uliyofunga, ndio maana mtu mmoja anaisifia na mwingine ampu hiyohiyo anaikataa, spika zao ni tofauti. Mimi nazipenda, sauti ya mwanamke kwenye taarabu ikipita humo inakaa chumbani na wewe. Lakini simshauri mtu anunue bila kusikiliza na spika zake mwenyewe.

Ukitaka kuanza kwa gharama ya chini, tafuta Dynaco Stereo 70 au mashine za leo zilizojengwa kwa mchoro wake, ni ya mwaka 1959, wati 35 kila upande, valvu za EL34, iliuzwa kama vipande mnunuzi anajifungia mwenyewe nyumbani na ndio maana vipuri na michoro yake vimejaa mpaka leo. Valvu mpya zinatengenezwa bado, JJ wa Slovakia, viwanda vya Urusi na China. Joto la Mombasa haliiui valvu, yenyewe imezoea moto, ila usiifungie kabatini. Chumvi ndio adui, inakula soketi za valvu na swichi na volyumu. Tumia spreyi ya kusafishia kontakti za umeme, sio mafuta ya bawaba za milango, na uwashe mashine mara kwa mara, kukaa bila kutumika ni kubaya zaidi kuliko kutumika.

Mawili usiyasahau. Usiwashe kamwe ampu ya valvu bila spika kufungwa, transfoma ya kutolea sauti inaweza kuungua. Na ndani kuna volti zaidi ya 400 zinazobaki kwenye makapasita hata ukichomoa, kama kuna watoto weka kava la chuma juu ya valvu na usimruhusu mtu asiyejua kufungua chini.

SWALI: Assalaam alaykum. Nipo Maskati. Baba ametuachia santuri za taarabu za Unguja, nyingine ndogo za 45 na nyingine zile nzito za 78. Nimenunua tantebo na ampu ya kisasa nikachomeka kwenye AUX, sauti ndogo sana na haina besi kabisa kama redio ya mkulima. Niliambiwa na duka ampu ya kisasa haihitaji priamplifaya. Sasa vipi?

JIBU: Waalaykum salaam ndugu yangu, na hongera kwa kuzitunza. Duka lilisema ukweli nusu.

Ukweli wao ni huu. Zamani ulihitaji priamplifaya kwa sababu vyanzo vya sauti vilikuwa dhaifu. Leo pleya ya CD au DAC (kisanduku cha kugeuza muziki wa dijitali kuwa sauti) inatoa 2V, na pawa ampu nyingi zinajaa kwa volti moja na kitu, kwa hiyo nguvu ya kuongeza haihitajiki, unahitaji volyumu na swichi ya kuchagua tu. Wengine wanaweka kidhibiti cha volyumu kisicho na umeme kabisa katikati na kinafanya kazi vizuri waya zikiwa fupi.

Tantebo haimo kwenye hesabu hiyo. Sindano ya kawaida ya sumaku inayotembea inatoa milivolti 5 hivi, inahitaji kukuzwa karibu mara 100 na kupokelewa na omu elfu 47. Tena santuri inapochongwa besi inapunguzwa makusudi ili mfereji usiwe mpana, na trebo inaongezwa ili kuzima mchakacho, wakati wa kupiga lazima igeuzwe kinyume. Mkunjo huo unaitwa RIAA, ulikubaliwa mwaka 1954. AUX haijui lolote kuhusu hayo, ndio maana hupati besi. Nunua kisanduku cha fono, yaani priamplifaya ndogo ya tantebo, au ampu yenye soketi iliyoandikwa PHONO, na waya mwembamba wa ethi wa tantebo uufunge kwenye skrubu yake, usipoufunga itanguruma.

Hizo za 45 zitaimba mara moja. Za 78 zina mambo yake na naomba unisikilize hapa maana ni urithi. Santuri za kabla ya RIAA kila kampuni ilikuwa na mkunjo wake. Siti binti Saad alirekodi Bombay mwaka 1928, miaka 26 kabla ya huo mkubaliano, kwa hiyo santuri za namna hiyo ukizipiga kwa RIAA besi inazidi na sauti ya juu inazimika. Tatizo hilihili ndilo lililozaa Marantz. Saul Marantz wa New York alikuwa na santuri za makampuni tofauti, priamplifaya za madukani hazikumridhisha, akajitengenezea yake nyumbani kwake Kew Gardens yenye swichi za kuchagua mikunjo, watu wakaitaka, kampuni ikaanza. Baadaye mwaka 1958 ikaja Model 7, ya valvu sita za 12AX7, mpaka leo ni kati ya priamplifaya zinazotafutwa sana duniani. McIntosh C8 na za Quad za miaka ya 50 nazo zilikuwa na swichi za mikunjo. Huhitaji kununua hizo, leo kuna visanduku vya fono vyenye swichi hiyo, au rekodi kwenye kompyuta na urekebishe kwa programu.

Jambo kubwa kuliko yote ni sindano. Mfereji wa 78 ni mpana, sindano ya 45 inazama mpaka chini, inachakaa na inakwaruza. Nunua sindano ya 78 peke yake, zipo kwa katriji (kichwa kinachobeba sindano) nyingi za kawaida, na usipige hizo santuri tena mpaka uwe nayo.

SWALI: Ninatumia sola na betri Kampala. Nataka ampu ya klasi A kama Krell au Pass, nasikia ndio mwisho wa yote. Sola itaweza?

JIBU: Kwa sola hapana kaka, hata kama sauti yake naiheshimu sana. Klasi A inakula umeme uleule ukipiga muziki au usipopiga. Hata kwenye hesabu za vitabuni haigeuzi zaidi ya nusu ya umeme kuwa muziki, wati 50 kwa 50 za klasi A kamili inataka angalau wati 200 muda wote, na mashine ya kweli inakula zaidi, wati zilizobaki zote zinakuwa joto. Krell KSA-50 ya Dan D'Agostino ya miaka ya 80 ina feni ndani kwa sababu hiyo. Kwako wewe tafuta klasi D (transista zake zinawaka na kuzima kwa kasi kubwa) ya kizazi cha sasa, zile za moduli za Hypex au Purifi alizochora Bruno Putzeys, zinatumia karibu umeme wote kwa muziki na sauti yake sio ile ya klasi D za zamani, ni safi na tulivu, na hili nalisema bila kusita. Angalia pia inveta yako iwe ya mawimbi laini, zile za mawimbi ya ngazi transfoma yoyote kubwa itazizomea.

SWALI: Ampu yangu iliungua transista, fundi akaweka nyingine namba zilezile za Toshiba, 2SC5200 na 2SA1943, imekaa wiki moja imeungua tena. Fundi anasema ampu ina laana. Msomaji, Mwanza.

JIBU: Pole sana. Uwezekano mkubwa ni transista feki. Hizo 2SC5200 na 2SA1943 ndizo zinazoigwa kuliko nyingi, juu zimeandikwa Toshiba vizuri kabisa, ndani kipande cha silikoni ni kidogo mno, hakibebi mzigo. Chukua iliyoungua uivunje kwa koleo pamoja na ile ya asili, linganisha hicho kipande cha ndani, utaona mwenyewe. Nunua kwa wasambazaji wakubwa wanaoagiza kutoka kiwandani, hata kama ni kusubiri wiki kadhaa, na nunua zote za upande huo pamoja.

Ila muulize fundi pia mambo mawili. Je alipima rizista ndogo za emita na transista za kusukuma, maana hizo nazo huwa zinakufa pamoja na zile kubwa, na moja ikibaki mbovu inaua mpya zote. Na je baada ya kufunga alirekebisha bayasi (umeme mdogo unaopita kwenye transista hata bila muziki) kwa mita, mashine ikiwa imepata joto, au alifunga kifuniko akawasha muziki? Kama hakuipima, ni lazima kazi irudiwe kuanzia hapo, kwa balbu ya mfululizo, bila spika.